Mzungu wa Nne

Bosi wangu katika ofisi ya utalii hapa Arusha aliniuliza boti ya matanga yenye vitanda vinne vya mtu mmoja inalaza watu wangapi kwa raha. Wageni waliokuwa wameshuka Mlima Meru walitaka kwenda kuikodi Zanzibar. Nikajibu, wanane.

"Wanane kivipi?"

"Mzungu wa nne."

Akashika kalamu. "Sawa, wazungu ni wanne. Hao wengine wanne ni kina nani?"

Nikamweleza: kichwa huku, miguu kule, kama tulivyolala nyumbani Sombetini, watoto sita kwenye kitanda cha nne kwa sita. Yeye, aliyekulia kwenye chumba chake mwenyewe, alicheka mpaka akavua miwani.

"Hiyo siyo raha, dada. Hayo ni mateso."

Sikucheka. Julai, baridi ya Meru ikishuka kwenye mabati, nyayo za mdogo wangu ndizo zilizonipasha joto kifuani. Nikamwambia aandike wanne, boti si yangu. Ila raha yangu asinipimie yeye.

Leo nina kitanda cha sita kwa sita, peke yangu. Kila Julai nalala na soksi.