Valvu Zilizooshwa kwa Majivu

Juzi nilikuwa Mwanjelwa, pale Mbeya, nazurura bila safari maalumu kama kawaida yangu, nikapita kwenye kibanda cha kijana anayetengeneza spika. Chini ya meza yake kulikuwa na amplifaya ya zamani ya gitaa, imefunuliwa mgongo. Niliinama nikainusa. Ukiwahi kukaa karibu na amplifaya ya valvu ikiwa imepata moto, ile harufu ya vumbi linaloungua haikutoki puani maisha yako yote.

"Bibi, hiyo imekufa valvu moja," kijana akaniambia. "Nimeagiza mpaka Dar, hakuna."

Nikafungua mfuko, nikatoa soksi, na ndani ya soksi nikatoa valvu. Akaipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Akaigeuza huku na huku.

"Mbona haina namba?"

"Iliogeshwa," nikamwambia.

Akacheka, akidhani natania. Wewe usicheke kwanza.

Miaka ya sabini tuliishi Kihesa, Iringa, mimi, bibi na mjomba. Asubuhi za pale zilikuwa na ukungu mzito, na moshi wa jikoni haukupanda juu, ulitambaa chini hadi kwa jirani. Bibi alichemsha makande tangu mchana, na mpaka leo nikisikia sufuria inatokota taratibu, miguu yangu hutaka kukaa chini. Jioni kazi yangu ilikuwa kusafisha kioo cha chemli: majivu laini, kitambaa, kisha gazeti kavu, mpaka bibi akichungulia ndani yake aone vidole vyake upande wa pili. Nyumba yenye kioo cheusi, alisema, ni nyumba ya watu waliokata tamaa.

Mjomba alipiga gitaa la solo katika bendi ya ukumbi wa pale mtaani. Amplifaya yao ilikuwa ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa na kuikuza sauti. Mbili kubwa za mwisho zilifanya kazi kama pacha, na mmoja wa pacha hao alikufa. Gitaa la mjomba likawa linalia kama mbu ndani ya debe. Kamati ya ukumbi ikasema Jumamosi dansi lisipokuwepo, nafasi itachukuliwa na bendi nyingine.

Mjomba alimwambia bibi waziwazi: bendi ikifa, anapanda lori kwenda Zambia, kwenye migodi. Mwanawe mkubwa alikuwa amekwenda huko huko, kwa barabara ile ile ya lami inayopita kwetu, na hakuna aliyejua kama yu hai. Tangu siku hiyo bibi, ambaye zamani aliliita gitaa kelele za walevi, akawa anauliza kila jioni, "Kile kichupa kimepatikana?"

Kilikuwa kinatafutwa. Dereva mmoja wa lori, Mnyakyusa mwenye kicheko kikubwa, alikuwa akipita kila mara, naye mjomba alimfundisha kuchagua kama anavyofundishwa mtoto sala. Utazame utosi wa kioo: kama ule weupe wa fedha unang'aa, nzima, ukiwa umepauka kama maziwa, hewa imeingia, achana nayo. Uigonge kwa ukucha: ikilia kama kengele, iache, italia hivyo hivyo ndani ya gitaa. Uitikise taratibu usikie kama kuna kitu kimekatika. Na zaidi ya yote, usome namba. Maana zenye miguu tisa zote zinaingia tundu lile lile, lakini ukikosea unaweza kuunguza transfoma, na ikishaungua hiyo, amplifaya inabaki kuwa kabati.

Nilimsikiliza mjomba nikiwa nimejilaza kwenye mkeka, macho nusu yamefumba, nikawaza vichupa vile vimelala wapi usiku huo: ndani ya redio za misheni zilizostaafu, au kwenye gramafoni ya nyumba ya shamba la chai. Nadhani uzururaji wangu ulianzia kwenye mkeka ule.

Ijumaa dereva akafika. Mjomba alikuwa hajarudi kutoka kazini. "Kamwene, mama!" akamwamkia bibi kwa Kihehe chake cha kuokoteza, akampa kopo la maziwa ya unga lililojaa pumba za mpunga wa Chimala, na ndani ya pumba, valvu, zikiwa zimepangwa kama mayai. Hakuzima hata injini.

Bibi akazimwaga kwenye ungo. Zilikuwa zimejaa masizi na vumbi la miaka. Akaguna. "Mgeni wa mwanangu anakujaje nyumbani na uso mchafu?" Akaleta majivu, maji na kitambaa. Mimi nilikuwa nimetumwa kisimani. Niliporudi, valvu zilikuwa zimepangwa juani, safi, zinametameta kama matone ya mvua, na bibi anatabasamu.

Mjomba alipoingia, akaokota moja. Akaokota nyingine. Akakaa chini polepole. Namba zilikuwa zimechorwa kwa rangi juu ya kioo, na rangi yote ilikuwa imekwenda na majivu.

"Mama, umeniulia bendi."

Bibi alisimama na kitambaa mkononi. Nilimwona akitazama nje, kule lami ilikopita. Kisha akauliza, "Yule aliyekufa yuko wapi?"

"Nani?"

"Kichupa kilichokufa. Kwani mmekizika?"

Mjomba akakitoa mfukoni. Bibi akajifunika kanga vizuri, akakaa kwenye kigoda kama wanavyokaa watu siku ya kumaliza matanga. "Haya. Huyu ndiye marehemu. Tumtafutie mrithi. Sura hazipotei kwenye ukoo. Mke mwenzangu, wewe una macho, njoo hapa."

Mke mwenzangu ndiye mimi. Tukakaa watatu mbele ya dirisha, marehemu katikati. Tulitazama ndani ya kioo, siyo juu yake. Zenye visanduku viwili vya bati ndani zikaenda kando: "Hao wa ukoo mwingine," bibi akasema. Yenye wavu wa nje: "Huyu shemeji tu, asitudanganye." Mjomba, aliyekuwa karibu kulia, akaanza kucheka. Akagonga kwa ukucha, akatazama utosi. Mwisho wakabaki wawili waliofanana na marehemu mpaka kwenye mikunjo midogo ya bati.

Jumamosi mchana, ukumbini, mjomba alishika swichi na kuchelewa kuiwasha. Bibi alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Kisha ile rangi ya chungwa ikaja, taratibu, kama makaa yanayopulizwa, hakuna kilichoungua, na gitaa likasema neno moja refu, safi. Bibi akageuka akaenda zake kupika.

Mjomba hakupanda lori. Aliishi Kihesa mpaka uzee, na kaburi lake liko pale. Barabara ile ilinichukua mimi. Niliacha shule mapema, nikapanda lori la dereva yule yule, nikaenda Igawa, Chimala, Mbeya, na kwingine ambako sikukusudia. Bibi hakunizuia. Alinipa soksi yenye valvu moja kati ya zilizobaki, akasema nisikae popote na kioo kichafu.

Sasa ukumbi ni ghala la mbao. Makande wanapika kwa gesi. Kwenye kibanda cha Mwanjelwa nilimwambia kijana, "Toa marehemu wako." Akamtoa. Tukawashika wote wawili kwenye mwanga, kichwa kwa kichwa, tukatazama ndani.

"Siyo ndugu, bibi," akasema kwa masikitiko.

"Siyo ndugu," nikasema, na moyo ukanitulia. Nikaifuta ile aliyonipa bibi kwa pindo la kanga, nikairudisha kwenye soksi.