Sauti ya Dunguni

Juzi, kwenye kibanda cha fundi simu pale stendi ya Kibiti, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Fundi mwenyewe, kijana, anatengeneza vichekesho vya mtandaoni: anachukua picha za gemu la vita, anawapa wanajeshi maneno ya kwetu. Safari hii komando mwenye misuli, bunduki mkononi, alikuwa analia kwa sauti ya mwanamke: "Jamani, njooni, tembo wanamaliza mpunga wangu!"

Mama yake, aliyeshuka kutoka Mloka na unga wa muhogo, akainama kutazama.

"Mbona huyo ana sauti yangu?"

"Ni wewe, mama," akasema akitabasamu. "Nilikurekodi siku ile, ukiwa juu ya dungu unalinda shamba."

Mama akafunga upya mtandio wake, taratibu.

"Kumbe ulikuwa karibu, mwanangu. Mimi nilijua hunisikii."

Kijana akainamisha kichwa, bisibisi mkononi. Komando akaendelea kulia, maana hakuna aliyethubutu kumzima. Nanyi wasomaji msinitazame mimi. Kile kichekesho nilikuwa nimeshakirusha kwenye kundi la ukoo, na simu ilikuwa inatetemeka mfukoni kwa vicheko vyao.