Kuifundisha Timu Yangu Kupumua

Mimi si mtu wa michezo. Nilisoma shule ya bweni ambako wasichana wa timu ya mpira wa kikapu walipewa yai la ziada kila Jumamosi, na wivu niliowaonea ulinitosha kuuchukia mpira wenyewe. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba mwaka jana nilichukua kombe la ligi ya kikapu, namwomba aketi kwanza nimweleze.

Sisi Wakenya na Wakongo tunaosali kwa Kiswahili kule Toongabbie, huku ughaibuni, hula pamoja siku inayofuata Krismasi, kwenye bustani ya umma yenye majiko. Wanaume huchoma nyama, yaani husimama na koleo mkononi wakizungumza siasa. Wanawake tunapika kila kitu kingine, tunapakua, kisha tunaosha sufuria. Mimi hutoka shifti ya asubuhi Penrith, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi, nikiwa nimeinua na kugeuza watu wazima tangu alfajiri, kisha hushuka kwenye treni na kwenda moja kwa moja kwenye bomba la maji. Nilifanya hivyo miaka sita. Mwaka wa sita nilisema mbele ya watu kwamba sikukuu ijayo nataka kuketi.

Walicheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti wa wanaume, Mkongo jirani yetu pale Doonside anayeendesha forklift kwenye ghala, akanikumbusha kwamba wao wana ligi yao ya kikapu kwenye simu, na anayechukua kombe ndiye hupanga kazi za sikukuu. Mpaka siku ile mamlaka hayo yalitumika kuamua nani atanunua makaa. Akaniambia niingie nishinde, nipange ninavyotaka. Nikamwambia arudie watu wasikie. Akarudia, huku akijipangusa machozi ya kicheko.

Katika mchezo ule huchezi wewe, wewe ni kocha tu. Una wachezaji kumi na wawili wanaocheza wenyewe ukiwatazama, na kila wiki unachagua jambo moja la kuwafunza: kutupa, kudunda, kuzuia, au stamina. Pembeni ya kila jina kuna mstari mdogo. Mchezaji akiwa na pumzi mstari ni wa kijani, akichoka unageuka manjano, halafu mwekundu. Ukishakuwa mwekundu, hata fundi wa kutupa hukosa kikapu kilicho mbele ya pua yake.

Wanaume wote walifunza kutupa. Mimi, kwenye treni ya kwenda kazini, nilibonyeza stamina. Wiki iliyofuata stamina. Na ile nyingine. Sikuwa na elimu ya kikapu lakini nilikuwa na ya kazi yangu. Nimeona vijana wengi wakianza shifti kwa kishindo, wanakataa kusaidiwa kuinua mgonjwa, na kufika saa nne wameshika kiuno. Kazi ya kutunza watu hupimwa mwisho wa zamu, kwa sababu mzee wa chumba cha mwisho naye anastahili kuogeshwa bila kufokewa.

Mume wangu, ambaye naye alikuwa na timu, alichungulia simu yangu akasikitika.

"Babe, hapo unachoma," akasema, yaani naharibu. "Wenzako wanafunza watu kufunga, wewe unafunza watu kupumua."

Nilipoteza mechi tano za kwanza mfululizo. Baada ya ile ya tano nilikasirika nikaufuta mchezo kwenye simu treni ikiwa Mount Druitt, na kufika St Marys nilikuwa nimeshaurudisha. Mechi ya sita nilishinda kwa pointi moja, nikamwamkia dereva wa basi ambaye sijawahi kumwamkia. Tangu hapo ilikuwa hivyohivyo: robo tatu za mwanzo nachapwa, robo ya mwisho wao wanahema na wangu bado wanakimbia. Haba na haba nikapanda mpaka fainali, na aliyekuwa akinisubiri huko ni mwenyekiti mwenyewe.

Timu yake ilikuwa kali kuliko yangu mara mbili. Nilikaa nikizitazama mechi zake za nyuma, na kulikuwa na jambo moja la ajabu: wale watano wake wa kwanza hawakuwa wamepumzishwa hata dakika moja, msimu mzima. Kisha nikayaangalia majina. Wale watano aliwaita kwa majina ya wakubwa wa ukoo wake. Baba Mkubwa, wajomba wawili, kaka yake mkubwa, shemeji yake. Waliokuwa benchi walikuwa wapwa na wadogo zake. Jumapili moja, tukinywa chai baada ya ibada, nikamuuliza kwa nini hawapumzishi.

"Mama, nitamutosha Baba Mukubwa inje mbele ya watu, niingize mutoto?" akasema. "Ile haiko adabu."

Alicheka, lakini alimaanisha. Na nilimwelewa, maana hata mimi siwezi kumwambia mjomba ainuke kitini ili mtoto akae. Ila kwenye timu yangu hapakuwa na mjomba. Wangu walikuwa na namba tu.

Fainali ilichezwa Jumamosi mchana, nyumbani kwake, simu ikiwa imeunganishwa na televisheni na sebule imejaa. Kufikia mapumziko alikuwa mbele kwa pointi kumi na nane. Mume wangu akanipapasa mgongo kama mfiwa. Mimi nikaendelea kubadilisha watu wangu, watano ndani, watano nje, kama rosta ya kazini.

Robo ya tatu pengo likawa tisa. Robo ya nne mstari wa Baba Mkubwa ukawa mwekundu, akakosa. Mjomba akakosa. Shemeji akaporwa mpira na namba saba yangu, ambaye hata kutupa hajui vizuri. Watu wakaanza kumsihi mwenyekiti ampumzishe mzee. Alikuwa ameshika simu, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kubadilisha mchezaji, na angebonyeza mara moja tu ningekwisha. Hakubonyeza.

Nilishinda kwa pointi tatu. Nilicheza ngoma juu ya zulia la watu nikiwa na viatu, na sikuomba radhi.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," nikamwambia.

Akanipa mikono yote miwili. "Mama, panga kazi," akasema.

Nikapanga. Siku ya sikukuu nilipofika bustanini kutoka Penrith, nikiwa bado na sare ya kazi, wanaume walikuwa wamefunga aproni. Mume wangu alikuwa akikatakata kachumbari huku analia kwa vitunguu, na mwenyekiti alikuwa bombani, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, akiisugua sufuria kubwa kuliko zote. Wanawake walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja, wamenyooka kama wako ofisi ya viza, mikono haijui pa kukaa. Nililetewa sahani ya pilau. Dada aliyekuwa kando yangu akainuka mara mbili akasaidie, na mara ya pili nikamvuta kwa gauni.

"Keti," nikamwambia.

Akaketi, tukala chakula kikiwa moto.