Mizani ya Kabatini

Nilifundisha kemia kwa chaki. Kila kitu ambacho mwanafunzi wa kemia anapaswa kukishika mkononi, mimi nilikichora ubaoni: chupa, bomba lenye mistari ya kupimia maji, taa ya spiriti, na mizani. Mizani nilizoea kuichora vizuri kupita vyote, na nguzo yake ya katikati, sahani zake mbili, na sindano imesimama kwenye sifuri. Wanafunzi waliinakili, wakaikariri, wakapata alama nzuri. Na miaka yote hiyo mizani yenyewe, ya shaba, ya kweli, ilikuwa ndani ya shule hiyohiyo, kwenye kabati la vioo katika ofisi ya prefe.

Prefe ndiye mkuu wa shule ya sekondari kwetu Bukavu. Huyu wetu alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata wiki ambazo mji mzima haukuwa na umeme. Mizani ile waliiacha mapadri wa zamani, na yeye aliitunza kama mboni ya jicho lake. Enspekta akitangazwa, kabati lilifunguliwa, vumbi likafutwa, mizani ikawekwa mezani juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Enspekta akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanywa fanta yake, akaenda. Kabati likafungwa tena, na ufunguo ukarudi kwenye mfuko wa koti la prefe.

Niliomba ufunguo ule mpaka nikaona aibu. Jibu halikubadilika.

"Madame, hii kitu iko ya enspekta. Batoto bataivunja."

"Na wao watajifunza kupima na nini, prefe?"

"Si unachoraka? Unachoraka muzuri."

Nilikuwa nakasirika, na kukasirika kwangu kulimchekesha. Kuna swali moja ambalo nililiuliza kila mwaka kwa sababu lilikuwa kwenye programu: kwa nini vipimo vidogo vya mizani vinashikwa kwa kibanio, na si kwa vidole? Jibu ni kwamba vidole vina mafuta, na mafuta yana uzito. Darasa zima lilijua jibu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kushika kibanio.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya nchi yetu. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi na marafiki zao kutoka ng'ambo ya Ruzizi, mto wa mpakani, serikali ilikuwa mbali huko Kinshasa, na sisi walimu tuliishi kwa kile ambacho wazazi walikusanya. Kisha dunia ikaanza kuitaka koltani yetu. Ghafla ule mchanga mweusi ambao zamani watu wa Shabunda, huko msituni, waliutupa wakitafuta dhahabu ukawa habari ya kila nyumba. Ndege ndogo zilishusha magunia, pikapu zikayaleta mjini, na kila barabara yenye heshima ikapata kontwari yake, yaani nyumba ya kununulia madini, yenye geti la chuma na mwanajeshi mlangoni.

Darasa langu la sita, la mwisho wa sekondari, la kemia na biolojia, likaanza kupungua. Mmoja alienda kubeba magunia, mwingine akamfuata mjomba wake machimboni. Waliobaki waliniuliza maswali ambayo kitabu hakikuwa nayo, na nakiri kwamba sijawahi kufundisha vizuri kama miezi ile. Niliwaambia ndani ya koltani mnakaa ndugu wawili wanaofanana sana, niobi na tantali, mmoja chini ya mwingine katika safu ileile ya jedwali. Kiini cha niobi kina protoni arobaini na moja, cha tantali sabini na tatu, na huo ndio utambulisho wao. Niliwaambia kiini ni kidogo mno: kama kingekuwa punje ya haragi hapa getini kwa shule, elektroni zake zingekuwa zinazunguka hadi nusu kilomita, na katikati yote ni utupu. Lakini uzito karibu wote uko kwenye ile haragi.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa msichana mmoja wa Shabunda. Baba yake alikuwa mchimbaji, na yeye alilala kwa shangazi yake, mtaa wa Nguba, katika nyumba iliyojaa wakimbizi wa ukoo mpaka barazani. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Madame, kama tantali iko muzito kushinda niobi, basi mutu anaweza kujua jiwe iko na nini ndani bila kuipasua. Anapima uzito, anapima nafasi yenye inakamata mu maji, anagawanya."

Alikuwa amefika peke yake mahali ambapo nilipanga kuwafikisha wiki iliyofuata. Nilisikia furaha. Baada ya somo alinifuata, akaniambia kwamba baba yake haleti tena habari, kwamba shangazi amechoka, na kwamba kuna mtu anamtafutia kazi kwenye kontwari. Nilimwambia asiende. Alibakiza mtihani wa serikali tu, na kwa kichwa kile angeingia chuo kikuu. Nilimwahidi kwamba kabla ya mtihani atapima kwa mizani ya kweli, kwa mikono yake. Alinitazama kama mtu anayetaka kuamini.

"Kweli, madame?"

"Kweli."

Nikaenda kwa prefe siku hiyohiyo, na safari hii sikuomba. Nilimwambia kwamba ninampoteza mwanafunzi bora wa shule yake, na kwamba saa moja tu na mizani ile ingemshika. Prefe alitazama dirishani. Nikageuka kulitazama kabati. Kitambaa cha kufuma kilikuwapo, kimekunjwa vizuri. Mizani haikuwapo.

"Iko wapi?"

"Nimeikopesha."

"Umemkopesha nani?"

Alikohoa. Kuna mununuzi mmoja, alisema, mtu mkubwa, anafahamiana na makomanda. Alituma gari. Mizani yake ilikuwa ya magunia, haikuweza kupima kipande kidogo cha majaribio. Mtu kama huyo hakatazwi, madame, mambo ya siku hizi unayajua.

Mambo ya siku hizi niliyajua. Nilijua pia kwamba mnunuzi huyo hakuwa amekatazwa hata kwa neno moja. Sisi tulipewa hapana kwa miaka, tukaambiwa tutaivunja. Mwenye bunduki nyuma yake akapewa siku ya kwanza, na vipimo vyake ndani ya sanduku, na kibanio. Nilimwambia prefe kwamba yeye ni mlinzi wa kabati, si mkuu wa shule. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki. Alilifunga kabati tupu kwa ufunguo, na hilo likanikera zaidi.

Msichana hakuja kesho yake, wala wiki ile. Nilipanda hadi kontwari ya yule mnunuzi nikiwa na maneno tayari kinywani. Nilitaka mizani ya shule, na nilitaka kusema hivyo mbele ya mwanajeshi na mbele ya mtu mkubwa, litokee litakalotokea. Mwanajeshi aliniuliza kwa Kilingala ninauza nini. Nikajibu kwamba mimi ni mwalimu. Akacheka, akanifungulia.

Ndani kulikuwa na magunia hadi dirishani, na vumbi jeusi mezani. Mizani yetu ilikuwa kwenye mwanga, imesawazishwa kwa vipande vya karatasi chini ya miguu yake. Nyuma yake, kwenye gunia lililojaa, alikaa mwanafunzi wangu.

Hakuniona mara moja. Alikuwa amefunga kijiwe kwa uzi, anakipima hewani. Alichukua vipimo kwa kibanio, kimoja kimoja, akangoja sindano itulie, akasoma. Kisha akakishusha kijiwe ndani ya glasi ya maji, kisiguse chini wala pembeni, akasoma tena. Kosa sikuliona. Mchuuzi aliyesimama pale alisubiri kimya kama mgonjwa mbele ya daktari.

"Hii iko na tantali kidogo," alimwambia. "Niobi ndiyo mingi."

Ndipo akainua macho. Akasimama, jinsi walivyosimama nilipoingia darasani.

"Usikae juu ya magunia," nilimwambia. Lilikuwa jambo la kwanza lililonitoka. Niliwafundisha kwamba koltani nyingi huja na urani na tori ndani yake, viini visivyotulia, vinavyovunjika na kurusha vipande vyao. Ni kiasi gani, gunia hadi gunia, hakuna aliyejua, maana hapakuwa na chombo cha kupimia hicho mji mzima, na hakuna mtu mkubwa aliyekitafuta.

"Najua, madame. Ulituambiaka. Lakini kiti hakiko."

Niliona fahari na hasira kwa pamoja, na hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nikasahau mtu mkubwa, nikasahau mizani. Nilimwambia arudi, kwamba mtihani uko karibu, kwamba shangazi nitazungumza naye mimi, kwamba akitaka atalala kwangu. Nilimwambia darasani bado nafasi yake ipo, mstari wa mbele. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, huku akifuta sahani ya mizani kwa pindo la kitenge chake, polepole, asiiguse kwa vidole.

"Nitakuja kufanya nini kule, madame?" aliuliza. Hakuwa na kiburi hata kidogo. "Huku banatuachaka tuishike."