Kanuni ya Mlango wa Stoo

Sijui niuweke wapi uso wangu, lakini nikinyamaza ntakuwa nimemdhulumu Grace mara ya pili.

Stoo yetu ya udi hapa Ruwi inafunguliwa kwa kadi, na kompyuta inafuata kanuni niliyoiandika mie. Masharti ni mawili: mtu awe wa stoo, na iwe saa za kazi. Jana asubuhi nikamwona Grace, msafishaji wetu kutoka Uganda, anatoka stoo ananukia udi. Kwa haki, dukani sote tunanukia udi, lakini nilishamshuku. Nikamwambia bosi, "Huyu kaichezea kadi."

Bosi akamnyang'anya kadi. Grace akasema, "Madam, mlango ulifunguka, nikajua mmeniruhusu kupiga deki."

Salim wa kompyuta akaifungua kanuni mbele yetu. "Bi Zuwena, umenakili ya mlango wa jikoni, ukabadilisha jina tu. Hii inasema likitimia sharti moja, fungua. Basi saa za kazi kila mwenye kadi anaingia."

Bosi akamrudishia Grace kadi yake, kisha akaninyooshea mie mkono. "Yako iko wapi?"