Mashine Isiyojua Mkwe

Mimi ni mkamwana wa Nyamwaga, na mkamwana wa kwetu hamkosoi baba mkwe wake. Hampi mkono, haketi alipoketi, jina lake halitamki hata mbele ya karani. Anamwita Tata, kwa sauti ya chini, na kupita. Nilipoolewa niliyachukulia hayo kuwa mambo madogo. Nilikuwa na kazi yangu ya kompyuta Tarime mjini, chumba cha ofisi Nyamisangura nyuma ya duka la pembejeo, na nilihesabu kwamba na mzee tutaonana kwenye misiba na sikukuu, basi.

Kumbe mradi ulioniajiri ulikuwa umeshamwajiri na yeye. Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu kwa wafugaji: chanjo, magonjwa, kuogesha ng'ombe. Mzee alikuwa bwana mifugo mstaafu, na maelekezo yote aliyaandika yeye, faili moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta iliyokaa sebuleni kwake. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha maelekezo hayo yako sawa kabla hayajawafikia watu. Kwa maneno mengine, kumkosoa.

Mwanzoni nilipitisha maneno kwa mume wangu. Namwambia, "Mwambie Tata faili ya chanjo haina tarehe." Anapiga simu, anasikiliza, anakata. "Anasema tarehe ya nini, ng'ombe hasomi kalenda." Mume wangu ana duka la spea za pikipiki, siku nzima anabishana na wateja, na jioni anarudi nyumbani kubishana kwa niaba ya watu wawili wasioongea. Alichoka. Na mimi nilichoka kumwona amechoka.

Ndipo nikaandika programu ndogo ya kukagua faili zenyewe. Faili ikiingia, inasomwa na mashine: ina jina la mwandishi? Ina tarehe ya mapitio? Vipimo vyote viko kwa mililita au gramu? Ikikosa kimoja, alama nyekundu, na ujumbe unamwendea mwandishi. Ikitimiza yote, alama ya kijani, na inakwenda moja kwa moja kwenye simu za wafugaji bila kupita mkononi mwa mtu. Hilo la mwisho nililitaka mimi. Bosi wetu wa Mwanza aliuliza kama si vizuri mtu asome kwanza, nikamjibu kwamba mashine haichoki. Sikumwambia kwamba mashine haina mkwe.

Nilijiona mjanja sana. Wiki nzima nilitembea na furaha yangu, mpaka nilipogundua kwamba chini ya kila ujumbe programu iliandika jina la aliyeitengeneza. Mzee alikuwa anapokea neno IMEKATALIWA, kwa herufi kubwa, kutoka kwa mke wa mwanawe. Alikuwa amelipokea mara tisa. Tulipokwenda Nyamwaga, mama mkwe alinipa kazi ya kumenya ndizi na hakuniuliza hata habari za safari.

Jina nililiondoa, lakini aibu haikuondoka. Ilibaki faili moja, ya dawa ya kupe. Mzee aliandika vizibo viwili kwa bomba la lita ishirini, kizibo cha chupa ya dawa yenyewe, kama wafugaji wote wanavyopima. Mashine ikakataa. Akairudisha vilevile. Ikakataa tena. "Mwambie," alimwagiza mume wangu, "wafugaji hawana mililita. Wana kizibo." Ningeweza kuilegeza ile kanuni. Lakini vizibo havilingani, kila kampuni na chake, nilikuwa na haki, na siku zile nilipenda kuwa na haki kuliko kuwa na amani.

Jumapili moja faili ikageuka kijani. Tulikuwa tumewatembelea Nyamwaga, mimi na mume wangu; nilikuwa jikoni mchana nilipoona kwenye simu. Nikasema moyoni, mzee amekubali. Sikuifungua.

Baada ya majuma kadhaa wafugaji wakaanza kulalamika kwamba kupe hawafi. Kisha mjane mmoja jirani wa wakwe zangu akapoteza mtamba wake kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe; ndiye ng'ombe pekee aliyekuwa naye, na alikuwa akiogesha kila wiki kama simu ilivyomwambia. Hapo ndipo nikaifungua faili. Iliandikwa mililita mbili kwa bomba la lita ishirini. Kizibo kimoja cha dawa ile kinakaribia mililita ishirini. Mtu alikuwa amefuta neno vizibo na kuweka mililita, namba akaiacha palepale. Kwa mashine yangu faili ilikuwa safi kabisa.

Mabadiliko yalifanywa Jumapili ile saa nne asubuhi. Saa nne ya Jumapili mzee yuko kanisani, hajawahi kukosa. Aliyebaki sebuleni alikuwa mume wangu.

Hakukana. "Nilitaka ile nyekundu iishe," alisema. "Nilitaka mkae kama watu." Kisha akaniomba nisimwambie baba yake. Nilimkasirikia, na nilimhurumia, na nilijua kwamba aliyemfikisha pale ni mimi.

Mzee aliitwa ofisini. Nilikaa kwenye kona yangu, macho chini. Mabosi waliifungua faili ukutani kwa projekta, jina lake juu yake. Aliisoma mstari kwa mstari, akasema, "Jina ni langu. Uzee umeingia." Wakamshukuru kwa utumishi wake na kumwambia akapumzike. Akavaa kofia, akatoka.

Siku ya nne nikapanda pikipiki hadi Nyamwaga peke yangu. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, anapogoa majani makavu. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko, yeye huko, mimi huku, nikasema, "Shikamoo, Tata." Panga likanyamaza. Nikamweleza yote kupitia ukuta: mashine yangu, Jumapili, mwanawe. Nikamwambia hajazeeka, na kwamba kesho nitamwandikia bosi.

"Siku ile walipoifungua nililiona kosa, na nikajua nani alibaki sebuleni," alisema. "Miaka yangu thelathini na mmoja imekwenda kwenye dawa ile. Nitasahauje?"

"Sasa kwa nini, Tata?"

"Yule ni mwanangu. Ng'ombe wa watu amekufa. Wakijua ni yeye, hapa hataishi. Mimi watasema nimezeeka, wataniacha." Nilisikia panga likianza tena. "Hutaandika. Hutamwambia hata yeye kwamba najua. Mimi ndiye nimesema."

Yale yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mimi mwenyewe, na sikuwa na haki ya kuyakataa. Nikajibu, "Ndiyo, Tata."

Bado nafanya kazi pale pale. Mume wangu anadhani amemdanganya baba yake. Nikienda Nyamwaga, yule mjane hunipokea mzigo njiani, ananiuliza hali ya mzee, kisha anatikisa kichwa kwa huruma. "Mkweo amezeeka, siku hizi anasahau."

Na mimi humjibu, "Ndiyo, mama. Amezeeka."