Mayu Anaamini Amejificha, Bosi Wangu Anamuona

Admin, nifiche jina kabisa. Geita iache tu, ni kubwa.

Mimi ni kijana wa miaka 26, kwetu ni Kishapu, karibu na Mhunze. Naishi Geita mjini, natengeneza app za simu. Sina mke, ila mama yangu mzazi na wadogo zangu wananitegemea. Naandika nikiwa na hofu, nikichanganya maneno mnivumilie.

Niliajiriwa na mnunuzi mkubwa wa dhahabu nimtengenezee app. Wanunuzi wadogo wanaozunguka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, waangalie bei humo, waite bodaboda na waonekane kwenye ramani. Mimi mwenyewe nikaongeza sehemu ya kujificha, maana huku ikijulikana umetoka kwenye duara lililotema, yaani lililotoa dhahabu, unaweza usifike nyumbani.

App ina vipande vingi. Badala ya kila kipande kumuuliza mtu upya anataka nini, niliweka machaguo sehemu moja ndani ya simu, vyote vikasoma hapo, kama kopo la chumvi ambalo kila anayepika anachota humo humo. Nikajiona fundi kweli kweli. Nikasahau maisha yetu. Huku kwenye maduara simu nzuri ni moja, wanaitumia ndugu na majirani, kila mmoja anaingia kwa jina lake. Mimi nimehifadhi machaguo ya simu, siyo ya mtu.

Nimegundua hilo kupitia mama mmoja, nimuite Mama Shija. Ndiye aliyenipokea Geita nikiwa sina hata pa kulala, namwita mayu kama mama mzazi. Ananunua dhahabu maduarani na kuileta mjini. Simu yake anaitumia pamoja na mdogo wake Masanja, ambaye ni bodaboda. Masanja anachagua kuonekana ili apate abiria. Akishachagua tu, simu nzima inaonekana, hata mayu akiingia kwa jina lake. Kibaya zaidi, ukurasa wa mayu niliuachia kumbukumbu yake peke yake, kwa hiyo yeye akiufungua bado anasoma: UMEFICHWA.

Juzi nikaenda kumweleza bosi. Nikakuta ramani iko wazi kwenye kompyuta yake. Alishagundua kabla yangu, akanyamaza, anawaangalia mama zetu wanavyotembea.

Nikamwambia, "Bosi, hii ni hitilafu, naomba niirekebishe leo."

Hakupandisha hata sauti. "Hitilafu gani? Mbona mimi naona inafanya kazi vizuri?" Akacheka, halafu akaniuliza, "Huyu Mama Shija wa kwenu, Jumamosi huwa anarudi na ile njia ya porini?"

Nikasema sijui.

"Unajua. Na mimi kwenu napajua, si nilikuja kumzika baba yako? Rudi kazini."

Kweli alikuja, akakaa na wanaume nje, akamshika mama mkono wa pole.

Toleo lililorekebishwa nimeshalimaliza, liko tayari. Nikilirusha, waliojificha wanatoweka kwenye ramani yake, na wanaojua habari hii ni sisi wawili tu. Hatahangaika kumtafuta mchawi. Nikienda polisi nitawaonyesha nini? Mtu kuuliza njia? Tena app nimeiandika kwa mikono yangu, wa kwanza kuwekwa ndani si nitakuwa mimi? Pikipiki ikisimama nje, nachungulia dirishani.

Jana nikajikaza nikampigia mayu.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba ng'wanawane. Mbona sauti imepoa, unaumwa?"

Nikamwambia siumwi, ila Jumamosi asiende maduarani.

"Nisiende kwa nini? Watu wananisubiri."

Nikaishia kumuuliza ataenda na akina nani, maana siku zote alikuwa anasindikizwa na wanaume wawili wa ukoo wao.

Akacheka. "Wale nimewaachisha. Tangu uniwekee ile app yako, wa kazi gani? Nimejificha, natembea mwenyewe. Wabeja sana, asante mwanangu, Mungu akubariki."

Nikakata simu, nikasingizia mtandao. Nililia, mwanaume mzima.

Leo ni Alhamisi. Nikitaka kurusha toleo jipya, namuona mama yangu kule Mhunze, hana mlinzi wala geti. Nikiacha, namuona mayu porini peke yake, anatembea bila wasiwasi kwa sababu aliniamini mimi. Ndugu zangu, nisaidieni mawazo kabla Jumamosi haijafika. Nimuokoe mama yupi?